Hicho kigae unachokikanyaga kina wasifu mrefu kuliko wako

Ukifika Gedi najua utakachofanya, kwa sababu kila mtu hufanya hivyo. Utapiga selfi kwenye lango la kasri, utacheka na tumbili, halafu utateremka Watamu kutafuta bahari na samaki wa kukaanga. Ni sawa, siku ya kutoka ni siku ya kutoka. Lakini katika magofu kama hayo kuna kitu utakipita bila kukitupia jicho: vipande vya vyungu vilivyovunjika, rangi ya matope, visivyo na sura ya kuwekwa Instagram.

Sasa wacha nikuambie. Ukiondoa hivyo vipande, sehemu kubwa ya historia ya Pwani yetu inabaki uvumi. Hatuna daftari la mfanyabiashara wa kisiwa cha Pate wa mwaka wa 800. Hatuna risiti zake, hatuna barua zake. Tuna vigae. Na kuna watu ambao kazi yao, kuanzia asubuhi hadi jioni, ni kuvisoma.

Mimi nilianza kufuatilia mambo haya baada ya kuacha chuo, wakati nilikuwa na muda mwingi kuliko pesa. Kilichonishika si dhahabu wala mifupa ya wafalme. Ni kwamba sayansi hii inaanza na ndoo ya maji, mswaki na subira, halafu inaishia kujibu swali ambalo watu wamebishania miaka mingi: nani alijenga miji ya Waswahili?

Twende polepole.

Kwa nini chungu, si dhahabu

Jiulize ni nini ndani ya nyumba yako kitabaki baada ya miaka elfu moja. Nguo zitaoza. Mbao zitaliwa na mchwa. Chuma kitashika kutu hadi kiwe unga. Dhahabu, kama unayo, itaibwa na kuyeyushwa muda mrefu kabla ya hapo.

Chungu ni tofauti. Udongo wa mfinyanzi ukishapita moto wa nyuzi 600 au zaidi unabadilika kabisa. Hauwezi tena kurudi kuwa matope hata ukiulowesha mwaka mzima. Umekuwa jiwe lililotengenezwa na mtu. Wakati huo huo chungu ni chepesi kuvunjika, kwa hivyo kila nyumba huvunja kadhaa kila mwaka. Na kikishavunjika, nani anakitaka? Hakiyeyushwi, hakiuziki, mwizi hakigusi. Kinatupwa jaani na kulala hapo.

Weka hayo matatu pamoja: kinavunjika haraka, hakiozi, hakiibwi. Ndiyo maana mwanaakiolojia akichimba mji wa kale hupata vigae kwa maelfu, wakati sarafu anaweza kupata moja tu msimu mzima.

Kazi yenyewe haina filamu. Shimo huchimbwa tabaka kwa tabaka, kwa sababu kilicho chini kwa kawaida ndicho kilichotangulia. Vigae vya kila tabaka huwekwa kwenye mfuko wake wenye lebo. Huoshwa, huanikwa juani, kisha hupangwa mezani. Kingo za midomo upande huu, vitako kule, vyenye mapambo pale, na lile rundo kubwa la vipande vya tumbo visivyo na chochote. Vyote huhesabiwa, vyote hupimwa uzani.

Kipande cha ukingo ndicho kipenzi chao. Ukikilaza juu ya karatasi iliyochorwa duara ndani ya duara, mpindo wake unakuonyesha mdomo wa chombo kizima ulikuwa na upana gani. Kipande cha urefu wa kidole kinaweza kukuambia kama kilikuwa mtungi wa maji wenye shingo nyembamba, au bakuli pana la kuliwa na watu wengi.

Mulika mwizi wa Misri ya kale

Sasa unajuaje kigae hiki ni cha zamani kuliko kile?

Fikiria simu. Nikikuwekea mezani simu ishirini zilizozimwa, bila kukuambia zilinunuliwa lini, utazipanga tu. Ile yenye antena ya kuchomoza inaanza. Inafuata mulika mwizi yenye tochi. Halafu zile za kufunguka kama kitabu, kisha za kugusa kioo. Huhitaji risiti, mtindo wenyewe unakuambia. Na unajua pia kwamba mitindo haibadiliki kwa siku moja. Mulika mwizi ilianza na wachache, ikajaa kila mfuko, kisha ikapungua, lakini hadi leo mama mboga wako anayo moja.

Mwingereza aliyeitwa Flinders Petrie alifanya hivyo hivyo na vyungu. Katika miaka ya 1890 alikuwa amechimba mamia ya makaburi nchini Misri, ya zamani kuliko mafarao, bila maandishi yoyote ya kumpa tarehe. Aliandika orodha ya vyombo vya kila kaburi kwenye kikaratasi chake, akaanza kuvipanga na kuvipangua hadi mitindo ikafuatana. Kulikuwa na mitungi yenye vipini vya mawimbi mbavuni. Alipoifuatisha aliona vipini vikizidi kupungua, hadi mwishowe vikabaki mstari wa pambo tu usioweza kushikwa na mtu. Kipini kilikuwa kimekufa, kumbukumbu yake ikabaki. Mbinu hiyo ya kupanga kwa kufuata mabadiliko ya mitindo inatumika hadi sasa.

Tatizo ni kwamba inakupa foleni, haikupi mwaka. Unajua nani yuko mbele ya nani, lakini hujui ilikuwa saa ngapi.

Saa iliyofichwa ndani ya udongo

Kupata mwaka kuna njia kadhaa, na wajanja hutumia zaidi ya moja.

Ya kwanza ni mkaa. Kama kigae kimelala kwenye tabaka moja na makaa ya jiko la zamani, makaa hayo yanaweza kupimwa kaboni ili kujua mti ulikatwa takriban lini. Hata masizi yaliyoganda kwenye chungu yanaweza kupimwa.

Ya pili iko ndani ya udongo wenyewe. Chembe za madini zilizomo hukusanya nishati kidogo kidogo kutokana na mionzi ya asili iliyo ardhini. Mfinyanzi anapochoma chungu, moto unaifuta nishati yote na hesabu inaanza upya kutoka sufuri. Miaka elfu baadaye, mtaalamu anapasha chembe hizo joto kwenye maabara, zinatoa mwanga hafifu sana, na kiasi cha huo mwanga kinamwambia muda uliopita tangu siku ya moto.

Ya tatu ndiyo inayonifurahisha zaidi: meli zilizozama. Mwaka wa 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ilipatikana meli iliyozama ikitoka Uchina, iliyojengwa kwa mtindo wa majahazi ya Bahari ya Hindi, mbao zikiwa zimeshonwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na vyombo karibu 60,000. Vingi vilikuwa mabakuli ya Changsha, na bakuli moja liliandikwa tarehe inayolingana na mwaka wa 826. Meli iliyozama ni kama picha: kila kilichomo kilikuwa sokoni wakati mmoja. Vipande vya vyombo vya Changsha vimepatikana pia kwenye visiwa vya Lamu. Kwa hivyo ukikipata kimoja kwenye tabaka fulani, tayari una fununu ya karne.

Lakini tahadhari. Chombo kinaweza kuishi maisha marefu kabla ya kuvunjika. Nenda Mambrui, kaskazini mwa Malindi, uangalie kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Bakuli linaweza kuwa lilikaa kabatini kwa vizazi viwili kabla ya kupamba kaburi. Linakuambia kaburi si la kabla ya wakati fulani. Halikuambii ni la lini hasa. Wewe mwenyewe una sahani za bibi ambazo hutolewa mgeni akija, si ndiyo?

Nani alijenga Pwani?

Hapa ndipo mambo yanakuwa moto.

Neville Chittick, mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya utafiti ya Waingereza jijini Nairobi, alichimba Manda katika miaka ya 1960 na 1970. Alipata kuta nzito na vyombo vingi vya kung'aa kutoka Ghuba ya Uajemi. Hitimisho lake: mji ulianzishwa na wageni kutoka Ghuba. Wazo hilo halikuwa lake peke yake. Kwa miaka mingi watu walifundishwa kwamba msikiti, nyumba ya mawe na biashara vilishuka Pwani vikiwa tayari vimepikwa, na Mwafrika akaja baadaye kama mpagazi.

Halafu vikaja vile vigae vya rangi ya matope.

Kati ya 1980 na 1988 Mark Horton alichimba Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, hadi kwenye mchanga usioguswa na mtu. Aliona mji unavyokua: nyumba za miti na udongo kwanza, msikiti mdogo wa miti, kisha msikiti mwingine juu yake, na mwingine tena, hadi mawe ya matumbawe yakaingia. Vyungu vilivyokuwa kwenye matabaka ya chini kabisa, ya karne ya 8, havikutoka Uajemi. Vilifinyangwa papa hapa kwa mkono, vikachorwa mabegani safu ya pembetatu zilizojazwa mistari.

Na hapa hesabu ndiyo inayoongea. Ukichukua vigae vyote vya Shanga, vilivyotoka ng'ambo ni asilimia chache tu. Vinavyobaki ni vya wenyeji. Lakini wachimbaji wengi wa zamani walikuwa wakiweka vipande vya kupendeza na kutupa vya kawaida. Ukitupa vigae vya kienyeji na kubakisha vya kigeni, bila shaka utaona mji wa wageni! Ni kama mtu aje sebuleni kwako, ahesabu televisheni, friji na simu peke yake, halafu aandike kwamba anayeishi hapo ni Mkorea.

Vyungu vya pembetatu havikuishia Shanga. Vimepatikana kando ya Mto Tana, Zanzibar, bara la Tanzania, Komoro, hadi kusini mwa Msumbiji, kati ya karne ya 7 na ya 10 hivi. Horton aliviita vyungu vya mila ya Tana. Profesa Felix Chami wa Tanzania akakataa jina hilo, akaviita kwa pambo lake la pembetatu, kwa sababu kwake asili yake ni wakulima wa Kibantu walioenea Pwani yote. Hivi vyombo vya kienyeji navyo vina mababu wa kulinganishwa nao. Kuna vyungu vya Kwale, vilivyotambuliwa na Robert Soper katika miaka ya 1960, ambavyo vinarudi hadi karne za kwanza baada ya Kristo. Kule Siaya kuna Urewe, ambayo imetoa jina la vyungu vyenye kishimo kidogo kitakoni. Mary Leakey na wenzake waliviandikia mwaka wa 1948, na leo vinajulikana hadi Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Hebu fikiria: jina la kijiji cha Siaya liko kwenye vitabu vya akiolojia dunia nzima, na pengine wewe wa Kisumu hujawahi kulisikia.

Chunga lakini usiruke kutoka kosa moja hadi jingine. Chungu hakina kitambulisho cha taifa. Mwaka wa 2023 watafiti walichapisha matokeo ya DNA ya watu 80 wa kale wa Pwani na maeneo ya karibu, wengi wao wa kati ya 1250 na 1800. Walionyesha kwamba wengi wa wale wa mijini walikuwa na mababu wa Kiafrika na wa Kiasia, hasa Waajemi, na kwamba mchanganyiko ulianza takriban mwaka wa 1000, mama wa Kiafrika na baba wa Kiasia zaidi. Kwa hivyo wageni walikuja, wakaoa, wakawa watu wa hapa. Lakini angalia tarehe. Vigae vya Shanga vinaonyesha mji ulikuwepo tayari, jikoni mwake mna vyungu vya kienyeji, zaidi ya miaka 200 kabla. Wageni waliingia kwenye nyumba iliyokuwa na mwenyewe.

Alama za vidole za udongo

Swali linalofuata: chungu hiki kilifinyangwa hapa au kililetwa?

Mtaalamu anakata kipande chembamba cha kigae, anakigandisha kwenye kioo, anakisugua hadi unene wa milimita 0.03. Kwa unene huo mwanga unapita, na chini ya hadubini chembe za mawe zinaonekana kwa rangi zake. Mchanga ulioletwa na mto kutoka milima ya bara haufanani na mchanga wa ufukweni wenye vipande vya kombe na matumbawe. Ukiongeza vipimo vya kemia, vinavyoonyesha kiasi cha madini kama chuma, titani au stronti, unapata kitu kama alama za vidole. Kisha unalinganisha na udongo uliochimbwa mahali mbalimbali. Ukifanana, umepata jirani. Usipofanana, chungu kimesafiri.

Kigae chenyewe pia kinaonyesha kazi ya mikono. Chombo kilichozungushwa kwenye gurudumu huacha mistari laini ya duara. Chombo kilichojengwa kwa mkono huwa na unene unaopanda na kushuka, na wakati mwingine unaona pale tepe mbili za udongo ziliposhikanishwa. Doa jeusi katikati ya ukuta linaonyesha moto ulikuwa wa wazi, wa kuni na nyasi, uliowaka haraka bila kuunguza uchafu wote wa ndani. Mchanga mwingi kwenye chungu cha kupikia si uzembe wa mfinyanzi. Ni ujuzi. Chembe hizo zinazuia ufa kusambaa kila mara moto unapopanda na kushuka. Na ule mtungi wa maji wa ushago unapoza bila stima kwa sababu kuta zake zina vinyweleo: maji yanavuja taratibu hadi nje, yanageuka mvuke, yanaondoka na joto.

Vinyweleo hivyo pia ni mashahidi. Mafuta ya chakula hunywewa na ukuta wa chungu na kubaki humo kwa maelfu ya miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 kuhusu vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania ulipata mabaki ya maziwa, nyama na mimea. Yaani tunaweza kujua menyu ya mtu aliyekufa kabla ya jina la nchi hii kuwazwa.

Mama mkwe ndiye mwalimu

Kwa muda mrefu wanaakiolojia walikuwa na hesabu rahisi: mama humfundisha binti ufinyanzi, kwa hivyo mtindo ukihama, ukoo umehama. Ili kupima wazo kama hilo unahitaji wafinyanzi walio hai, na mmoja wa watafiti waliokwenda kuwaona ni Ingrid Herbich, aliyefanya kazi miongoni mwa wafinyanzi wa Kiluo huko Nyanza na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1987.

Alichokuta kilivuruga hesabu. Wanawake wengi hawakujifunza kwa mama zao. Walijifunza baada ya kuolewa, wakiwa wamehamia kwa mume, na mwalimu alikuwa mama mkwe au wake wenza waliotangulia. Bibi arusi anatoka Ugenya na mkono mtupu, anafika anakoolewa, anaanza kufinyanga kama watu wa huko. Mtindo unabaki mahali pake ingawa wanawake wenyewe wanatoka kila pembe.

Unaona uzito wake? Kama hujui jambo hilo, utakuta vyungu vinavyofanana miaka 200 mfululizo na kusema familia moja iliishi hapo bila kuchanganyika. Kumbe kila kizazi, waliofinyanga walikuwa wageni. Maarifa hayo hayakutoka shimoni. Yalitoka kwa akina mama wanaouza vyungu sokoni, wale ambao wewe hupita ukienda kununua sufuria ya alumini.

Mzigo wa kutoka ng'ambo

Sasa turudi kwenye ile asilimia ndogo ya vyombo vya kigeni, kwa sababu hiyo ndiyo ramani ya biashara. Ukipanda kutoka tabaka la chini kwenda juu, washirika wetu wanabadilika.

Chini kabisa, karne ya 8 hadi ya 10, kuna mitungi mizito ya rangi ya samawati ya kijani kutoka Iraki na Ghuba ya Uajemi. Hii ilikuwa vyombo vya mzigo, kama mitungi ya plastiki ya leo: mtu alinunua kilichomo ndani. Baadaye kinaingia chombo cha Kiajemi chenye michoro iliyokwaruzwa chini ya mng'aro. Halafu, karibu karne ya 13 na 14, vinatokea vyombo vya njano vyenye michirizi myeusi kutoka Yemeni, dalili kwamba wafanyabiashara wa Aden walikuwa na nguvu sokoni. Kisha kauri ya kijani ya Longquan, na baada yake ile ya bluu na nyeupe ya Jingdezhen.

Mwaka wa 2013 timu iliyoongozwa na Chapurukha Kusimba, Mkenya, na Sloan Williams ilipata Manda sarafu ya Kichina ya enzi ya Mfalme Yongle, ya mwanzoni mwa karne ya 15. Huo ndio wakati msafara wa Zheng He ulifika Malindi. Lakini kauri ya Kichina ilikuwa hapa karne nyingi kabla yake, ikipita mikono ya wafanyabiashara wa India na Uarabuni. Bakuli la Kichina si ushahidi wa Mchina, sawa na vile mtumba wa Gikomba si ushahidi kwamba Mjerumani ameishi Kayole.

Na biashara haikuwa ya upande mmoja. Huko Sharma, bandari ya kale ya Yemeni, wachimbaji walipata vyungu vya Afrika Mashariki. Vyungu vya kawaida vya jikoni! Chungu kama hicho hakisafiri ili kiuzwe kwa faida kubwa. Kinasafiri na mtu anayetaka kupika chakula chake alivyozoea. Awe baharia, mfanyabiashara au mtumwa, kuna mtu wa kwetu aliyekaa pale na kuwasha moto.

Vigae vinaonyesha hata siasa za mezani. Jeffrey Fleisher alilinganisha vyombo vya vipindi mbalimbali, vikiwemo vya Pemba, na kuona kwamba mwanzoni vyungu vya kupikia ndivyo vilivyotawala, lakini baada ya karne ya 11 mabakuli ya kuandalia chakula yalizidi kuongezeka, ya kienyeji na ya kigeni. Tafsiri yake ni karamu. Tajiri wa mji alitafuta heshima kwa kulisha watu, na bakuli la ng'ambo lilikaa katikati wote walione. Mwanasiasa wako na sufuria zake za pilau wakati wa kampeni hakuvumbua kitu.

Kigae bila tabaka ni bubu

Sasa sikiliza sehemu inayokuhusu wewe moja kwa moja.

Kila kitu nilichokueleza kinategemea jambo moja: kigae kulala pale kilipolala. Ukikiokota ufukweni ukakitia mfukoni, kinabaki kipande cha udongo. Kimepoteza jirani zake, makaa yake, tabaka lake. Ni kama kung'oa ukurasa kwenye kitabu chenye nakala moja tu duniani, kisha kuutumia kufungia njugu.

Na kitabu hiki kinang'olewa kila siku. Bahari inakula fukwe. Viwanja vinauzwa, msingi unachimbwa, tingatinga linapita kabla mtu yeyote hajaangalia. Mtalii anaondoka na kumbukumbu ya bluu na nyeupe, na kijana wa ufukweni anamtafutia nyingine kwa shilingi mia mbili. Simlaumu anayetafuta unga, lakini anauza cheti cha shamba kwa bei ya karatasi.

Sheria ipo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya mwaka wa 2006 inalinda vitu vya kale, vikiwemo vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Huruhusiwi kuvichimba bila kibali wala kuvitoa nje ya nchi bila leseni. Kwa hivyo ukikutana na kigae, piga picha, weka sarafu au kalamu kando yake ili ukubwa wake uonekane, rekodi mahali kwenye ramani ya simu, kiache hapo hapo, kisha uwaambie watu wa makavazi walio karibu nawe. Kazi ya dakika tatu, na haihitaji digrii.

Na ukiwa Fort Jesus au Lamu, usiishie kwenye kauri za bluu zilizowekewa taa. Muulize mwelekezi kuhusu vile vya kahawia, vilivyochorwa pembetatu. Ukiwa Nyanza, nunua chungu, na umuulize mama aliyekifinyanga nani alimfundisha. Ukiwa Pwani na timu ya wachimbaji inatafuta vijana wa kusaidia, jitokeze. Wengi wa wanaoshika sepeto na ungo ni watu wa vijiji vya hapo, na jicho la kutambua ukingo halifundishwi na cheti.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Anawatengenezea wengine vyungu vizuri, yeye mwenyewe anakula kwenye kipande kilichovunjika. Tumekaa hivyo muda mrefu na historia yetu: wengine wakija kuichimba, kuiandika na kuibishania, sisi tukiipita tukielekea ufukweni. Lakini safari hii, kula gaeni si umaskini. Gae ndilo lenye chakula. Keti ule.